Timu, bwawa, mkeka au uwanja mtupu: mtoto aende wapi?

Jumamosi moja nilikaa pembeni ya uwanja na simu mkononi, nikaamua kufanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya msimu mzima: kumhesabia binti yangu dakika. Si dakika za mazoezi, hizo nilizijua, ni 90. Nilitaka zile za kukimbia kweli. Akianza kukimbia naiwasha saa ya simu, akisimama naizima.

Zoezi la mashuti ndilo lililonifumbua macho. Watoto 14, goli moja, mpira mmoja, mstari mmoja. Kila mtoto anapiga shuti lake, anaufuata mpira, anaurudisha, kisha anarudi mkiani kuwasubiri wenzake 13. Binti yangu alipata zamu 3. Katikati alifunga upya kamba za viatu, akang'oa nyasi, akamsimulia mwenzake kisa kilichowachekesha mpaka kocha akawageukia. Filimbi ya mwisho ilipolia, saa yangu ilikuwa imefika dakika 31.

Na mimi muda wote huo nilikuwa nalala usingizi mnono: mtoto ana mazoezi mara mbili kwa wiki, saa tatu nzima, anataka nini tena?

Tangu siku ile, mtu akiniuliza mchezo upi unamfaa mwanawe, namrudishia maswali mawili. Huko atakuwa anajongea kweli kwa dakika ngapi? Na wiki ijayo atataka kurudi? Kwa maswali hayo nimezipima hapa njia nne ambazo wazazi wengi huzipigia hesabu: timu ya mpira, kuogelea, michezo ya mkeka kama judo na karate, na kucheza tu bila kocha wala jezi. Nyingine nitazigusa kwa kupita.

Dakika 420

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kujongea kwa kiasi cha kumfanya aheme, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli nzito zaidi pamoja na zile za kukaza misuli na mifupa. Wa miaka 3 na 4 wanahitaji dakika 180 kwa siku, 60 kati yake ziwe za kuchangamka hasa.

Zidisha kwa siku saba, unapata dakika 420 kwa wiki. Binti yangu kwenye timu alikuwa anapata kama 62.

Nilidhani ni timu yetu tu. Kumbe watafiti wa San Diego, Marekani, waliwafungia watoto 200 vifaa vya kupima mwendo wakiwa mazoezini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: kwa wastani mtoto alijongea vya kutosha kwa dakika 45 tu, na ni kama robo yao waliofikisha 60. Walikuwa mazoezini, wamevaa jezi, kocha yupo. Ndiyo maana sishangai kusikia kwamba takwimu za mwaka 2016 zilionyesha asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi kiwango hicho, wasichana asilimia 85 na wavulana 78.

Kwa hiyo tuanze tukijua kwamba hakuna njia hata moja kati ya hizi nne inayojaza pipa peke yake. Tofauti ni kila moja inamimina nini.

Timu ya mpira

Nguvu ya timu ni watu. Mtoto anaweza kuchukia kukimbia, lakini asichukie kukimbia na rafiki yake. Muulize mtoto wa miaka 9 kwa nini anapenda timu, atakutajia majina ya wenzake kabla hajakutajia goli. Kwa swali langu la pili, la kurudi wiki ijayo, timu inaongoza kwa mbali.

Kwa swali la kwanza, inategemea kocha zaidi kuliko mchezo wenyewe. Tazama mazoezi mara moja kabla hujamwandikisha. Ukiona mistari mirefu na mpira mmoja, ujue. Ukiona watoto wamegawanywa wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo, magoli ya koni, mipira imetapakaa, huyo kocha anajua kazi yake, hata kama hajavaa suti ya michezo ya kuvutia. Wanne kwa wanne hakuna pa kujificha. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, mtoto wa miaka 8 anaweza kumaliza mechi akiwa ameugusa mpira mara chache tu, na kipa ndiye wa kuhurumiwa kuliko wote. Angalia na mpira wenyewe: chini ya miaka 8 ni namba 3, kuanzia 8 hadi 12 ni namba 4, namba 5 ni wa wakubwa. Mtoto mdogo akipewa namba 5 anaupiga kwa ncha ya kiatu kwa sababu hana njia nyingine.

Shida ya pili ni benchi. Timu ya watoto inayosaka ubingwa itawachezesha wale walioiva mapema, na mara nyingi kuiva huko ni tarehe ya kuzaliwa tu. Watafiti waliliona hili tangu miaka ya 1980 kwa wachezaji wa hoki ya barafu wa Kanada: waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walijaa kwenye vikosi, wa mwisho wa mwaka walikuwa wa kuhesabika. Mtoto wa Desemba anashindana na wa Januari mwenye karibu mwaka mzima zaidi wa mifupa. Anakaa benchi, hachezi, haimariki, halafu anaambiwa hana kipaji. Mwanao akiwa amezaliwa mwishoni mwa mwaka, uliza waziwazi: hapa kila mtoto anacheza?

Norwei wao waliamua mapema. Kanuni zao za haki za watoto michezoni, zilizopitishwa mwaka 1987 na kuboreshwa 2007, haziruhusu misimamo ya ligi na orodha za washindi kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, wala ubingwa wa taifa kabla ya 13. Anayedhani huko ni kulea uzembe akumbuke kwamba nchi hiyo ya watu milioni 5 na ushei ilirudi na dhahabu 16 kutoka Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022.

Kuhusu mpira wa kichwa, sina mjadala. Marekani ilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige mpira kwa kichwa, na mwaka 2020 chama cha soka cha England kikaondoa zoezi hilo kwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Kocha anayewapangia watoto wa miaka 8 mstari wa kupiga vichwa, mtoe mwanao.

Mpira wa kikapu una faida ya uwanja mdogo: hata asiye na ujuzi anapanda na kushuka na wenzake. Netiboli ni mwendo wa kushtukiza, kwani mwenye mpira hakimbii nao na ana sekunde 3 tu za kuuachia, na kila nafasi ina mipaka yake uwanjani. Kama mtoto anapenda kuhangaika uwanja mzima, aombe nafasi ya kati.

Bwawa

Hapa nina msimamo ambao baadhi ya rafiki zangu wanauona mkali: kuogelea kusiwekwe kwenye mizani na michezo mingine. Mtoto ajifunze kwanza, halafu ndipo achague kama ataupenda.

Sababu ni moja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na karibu robo yao ni watoto walio chini ya miaka 5. Shirika hilo linashauri watoto wafundishwe kuogelea na kujihami majini kuanzia miaka 6. Mtoto asiyejua chenga anafungwa goli, basi. Asiyejua kuelea ni habari nyingine. Na hata anayejua, mtu mzima asibanduke ukingoni.

Tukija kwenye dakika, bwawa lina mistari yake pia. Darasa la watoto wanane wanaomsubiri mwalimu wameng'ang'ania ukingo, midomo inatetemeka kwa baridi, kila mmoja anavuka mara moja kwa dakika tano. Nimeona. Mwalimu mzuri anawapa wanaosubiri kazi: piga miguu, toa mapovu, okota kitu chini.

Kinachokosekana bwawani ni uzito. Maji yanaubeba mwili, kwa hiyo moyo na mapafu vinafanya kazi kubwa lakini mifupa haipati ule mshindo wa kuruka na kutua unaoiimarisha. Muogeleaji anahitaji kamba ya kuruka nyumbani. Lakini kubebwa huko ndiko kunamfaa mtoto mnene anayeumia magoti akikimbia, au anayeona haya kuhema mbele ya wenzake. Majini hakuna anayejua kama unatoka jasho.

Kwa upande wa kutaka kurudi, kuna watoto wanaopenda ule ukimya wa kichwa kikiwa chini ya maji, na kuna wanaochoka na kuhesabu vigae. Wa kwanza wangu ni wa vigae. Alijifunza, akavuka bwawa, akaelea, akaaga.

Mkeka

Mdogo wake yeye timu ilimshinda. Si kukimbia, ni kelele. Kila alipopata mpira watu saba walimwita kwa wakati mmoja, akaganda. Tukampeleka judo.

Judo ilianzishwa na Kano Jigoro huko Tokyo mwaka 1882, na jambo la kwanza mtoto analofundishwa ni kuanguka. Wiki za mwanzo ni hivyo tu: kidevu kifuani, mgongo mviringo, mkono unapiga mkeka kabla kichwa hakijafika. Nilikuwa naona kama tunachezewa, mpaka siku aliyoteleza kwenye ngazi zenye maji. Alianguka chali, nikasikia kofi la mkono wake sakafuni, kichwa hakikugusa chini. Akainuka ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka.

Faida kubwa ya mkeka kwa swali langu la dakika ni kwamba kazi inafanywa wawiliwawili. Hakuna mstari. Ukiwa na watoto 20 una jozi 10, zote zinavutana. Kuna kuinamiana, kuna kukaa na kumsikiliza mwalimu, lakini kilichobaki kina jasho. Na misuli inafanya kazi kuliko kwenye michezo mingi ya mpira, maana unamsukuma na kumnyanyua mtu mwenye uzito kama wako.

Watu huzichanganya, lakini hazifanani. Judo ni kushika, kuangusha na kubana chini, haina ngumi wala teke. Karate ni ngumi, teke na mifululizo ya mienendo anayoifanya mtoto peke yake, kwa hiyo inamfaa asiyependa kushikwashikwa. Taekwondo ni miguu zaidi. Ukiwa na mtoto mwenye nguvu za kupita kiasi anayemgonga kila mtu nyumbani, mimi ningeanza na judo, kwa sababu inampa mtu wa kumvuta kwa ruhusa na sheria. Kwa karate na taekwondo, uliza watoto wanaruhusiwa kupigana kichwani kuanzia umri gani, na jibu likiwa la kubabaisha, tafuta kwingine.

Halafu mikanda. Kwa mtoto asiye mshindani, mkanda ni zawadi ya kweli: anajipima na jana yake, si na jirani. Ila kuna mahali mikanda imegeuzwa biashara, kila baada ya wiki chache mtihani, kila mtihani ada. Mtoto akifika mkanda wa nne ndani ya miezi sita na bado hajui kuanguka, mmenunua kitambaa.

Kucheza tu

Njia hii haina picha ya pamoja wala cheti, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Nilirudia ile hesabu ya saa siku moja watoto wanane walipokuwa wanacheza kombolela, na baadaye kufukuzana, kwenye uwanja mtupu. Katika saa moja binti yangu alijongea dakika 43. Dakika zilizobaki nyingi ziliishia kwenye ubishi wa nani kaonwa na nani hajaonwa, ambao waliumaliza wenyewe bila refa.

Kucheza nje kuna jambo lingine ambalo bwawa la ndani na ukumbi wa judo havina: mwanga wa jua. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, wakafuatiliwa kwa miaka 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwa wenzao ambao hawakuongezewa. Hawakufundishwa mchezo wowote, walikuwa nje tu.

Sitaki kuipamba. Uwanja usio na mtu mzima una ubabe wake: wakubwa wanawatimua wadogo, na mara nyingi wasichana wakifika umri fulani wanaitwa ndani wakati kaka zao wamebaki nje. Magari ni hatari ya kweli. Ujuzi nao haupandi, aliyekuwa hajui kudaka anaweza kumaliza mwaka hajui kudaka. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni mtu mzima mmoja anayekaa mbali kiasi cha kuona lakini asisikie. Akisikia ataingilia.

Ninachokipenda hapa ni kwamba hakihitaji kusafiri. Michezo mitatu iliyotangulia inahitaji mtu wa kumpeleka na kumrudisha mtoto, na wengi huacha si kwa kuchoka mchezo bali kwa wazazi kuchoka safari. Kabla ya kumlipia mtoto chochote, jiulize nani atampeleka wiki ya 11, mvua inanyesha na umechelewa kazini.

Sasa uchague

Chini ya miaka 6, sioni haja ya kujisumbua na timu. Uwanja, kamba, baiskeli ndogo, na kuzoea maji akiwa mikononi mwako. Watoto wa umri huo kwenye timu wanaukimbilia mpira wote kwa pamoja kama nyuki, wanafurahi, lakini hilo wangelifanya bure.

Miaka 6 hadi 9, maji kwanza, na pembeni kitu kimoja alichokichagua mwenyewe baada ya kukijaribu mara mbili au tatu. Mwenye haya au anayechanganywa na kelele, mkeka. Anayekufa kwa marafiki, timu. Anayependa kupanda na kubiringita, jimnastiki itamjenga mwili kuliko karibu mchezo wowote, ila chunguza sana namna walimu wanavyozungumza na watoto kuhusu miili yao. Riadha ni nzuri kwa mtoto anayetaka kukimbia bila kuitwaitwa, ingawa kwa umri huu iwe mbio fupi, kuruka na kupokezana vijiti, si kuzunguka uwanja mpaka mtu atapike.

Kuanzia 10 hivi timu inaanza kulipa, kwa sababu sasa anaelewa pasi na nafasi. Hapo ndipo pia linapoanza shinikizo la kuchagua mchezo mmoja. Usikubali haraka. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanashauri mtoto asijifunge na mchezo mmoja mpaka miaka 15 au 16, saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake, apumzike angalau siku moja kwa wiki, na apate miezi kadhaa ya kuukaa mbali mchezo huo kila mwaka. Hakeem Olajuwon alikuwa mtoto wa soka na mpira wa mikono nchini Nigeria, akaushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA, mbele ya Michael Jordan.

Mtoto wa umri wa kurefuka akilalamika maumivu chini tu ya goti au nyuma ya kisigino, usimwambie ajikaze. Hapo ndipo kano zinapovuta mfupa ambao bado unakua, na anachohitaji ni mapumziko na daktari, si kocha wa kumtia moyo.

Baada ya 13, lengo langu linakuwa dogo: asiache. Akitaka kuhama kutoka mpira kwenda kucheza dansi, ahame. Dansi inahemesha.

Kwetu ilikuwaje? Mdogo yuko kwenye judo. Binti yangu alikataa katakata kuiacha timu, na sikuwa na hoja ya kumshinda, maana kwa lile swali la kurudi alikuwa amejibu. Basi nikamfuata kocha mazoezi yalipoisha.

"Mwalimu, samahani, ile mipira mingine huwa iko wapi?"

"Ipo kwenye mfuko, mama. Nikiitoa yote inapotea vichakani."

Nikamwambia mimi na baba mmoja tutakaa nyuma ya magoli kuiokota. Juma lililofuata alipanga koni, zikawa viwanja vidogo vitatu, mfuko ukamwagwa wote. Tuliokota mipira mpaka migongo ikauma. Saa niliisahau mfukoni, lakini mtoto alifika kwenye gari amelowa, akamaliza chupa nzima ya maji amesimama, ndipo akaniuliza mazoezi yajayo ni lini.